Zombi Hauawi, Mheshimiwa

Jamani, tangazo la leo asubuhi mmeliona? "Nafasi ya kuanzia, msimamizi wa mifumo ya Linux. Uzoefu: miaka 5." Linux, yaani mfumo unaoendesha kompyuta, hasa seva zinazohudumia kompyuta nyingine. Ya kuanzia nini, kustaafu? Na chini yake wameongeza uzoefu wa miaka 15 wa Kubernetes, programu ya kusimamia programu nyingine kwenye seva nyingi, iliyotangazwa mwaka 2014! Labda wanamtafuta aliyeioteshwa usingizini.

Nisiseme mengi, mimi ni mtu wa heshima zangu. Cheti ninacho. Nina na kompyuta kuukuu chini ya kitanda, ndani yake seva pepe, kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, zinazosemeshana zenyewe kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, usiku kucha kama wazee barazani. Ukilitaja hilo kwenye usaili wanatabasamu: "Hiyo ni hobi." Wanataka seva za kweli. Za kweli hupewi mpaka uwe umeshapewa. Sawa, mwenye root, yaani mamlaka yote ya mfumo, anaweza kuifuta kampuni nzima kwa mstari mmoja, woga wao naujua. Lakini basi wa kwanza kabisa duniani alipewa na nani?

Kuna walioniuliza Windows tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna waliotaka kujua najiona wapi baada ya miaka 5. Nikasema popote penye mshahara.

Ila juzi! Juzi niliwekwa mbele ya jopo, nikapewa karatasi na kalamu. Andika amri ya kutafuta mafaili yanayozidi gigabaiti moja ndani ya folda ya /var. Kwa kalamu! Kidole changu cha mwisho kikawa kinatafuta kitufe cha Tab, kile kinachokumalizia amri, pembeni mwa karatasi. Nikamaliza hivyo hivyo, jasho likinitoka. Mwenyekiti akafungua karatasi yake ya majibu, akasoma: "Prosesi zombi huuawaje?" Prosesi ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta.

Nikakaa sawa. "Mheshimiwa mwenyekiti, zombi hauawi. Ameshakufa. Memori karudisha, CPU hatumii, limebaki jina tu kwenye jedwali la prosesi, linamsubiri mzazi wake, yaani prosesi iliyomwanzisha, asome kafa na namba gani. Wa kushughulikiwa ni mzazi."

Mama wa rasilimali watu, aliyekuwa kimya muda wote, akainua kichwa. "Anashughulikiwaje?"

"Kwanza, mama, anakumbushwa kwa ishara. Akiwa kiziwi, anauawa yeye."

Kalamu ikasimama. "Na watoto?"

"Wanabaki yatima, wanachukuliwa na prosesi namba 1. Ndiye anayewazika waliokufa."

"Na walio hai?"

"Wanaendelea na kazi, mama."

Akaandika kitu kirefu. Sidhani kama kilikuwa sifa.

Mwenyekiti wala hakushtuka. "Jibu sahihi ni kill -9."

"Mheshimiwa, hiyo ni amri ya kumuua aliye hai. Maiti unamuuaje?"

"Karatasi inasema kill -9."

"Karatasi imekosea."

"Ndugu msailiwa, unabishana na jopo?"

Sibishani! Leteni taminali, dirisha la kuandikia amri, basi tujaribu! Mnaajiri mtu wa Linux kwenye chumba kisicho na Linux hata moja, kompyuta pekee iliyomo imegandia kwenye masasisho, imeandika usizime, na hakuna anayethubutu kuigusa, halafu mimi ndiye sijui? Aliyeiandika hiyo karatasi yuko wapi? Aitwe!

Hakuitwa. Nikaambiwa wananitakia kila la heri.

Ninaowajua waliopata, wamepita mlango wa nyuma: dawati la msaada, kuwabadilishia watu nywila walizosahau, au zamu ya usiku, kukodolea macho grafu mpaka diski ijae saa tisa alfajiri. Nami ningeenda hata leo. Tatizo dawati la msaada maana yake printa, na mimi na printa hatuivi. Msidhani ni mimi peke yangu. Ingieni kwenye msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kiini chake, sehemu ya printa: kuna ujumbe wa kuripoti kwamba printa inawaka moto. Waandishi wa kerneli wenyewe, watu wazima, waliona hilo linawezekana wakaliandalia mstari wake kabisa! Halafu mjomba ananipigia eti ya kwake imegoma, njoo wewe msomi wa Linux. Imekwama karatasi, imeisha wino, haijachomekwa? Hasemi. Imegoma tu. Nimemwambia aizime aiwashe. Anasema kitufe hakioni.