Panya wa maabara na bangi: tatizo lilikuwa sindano

Kuna hoja isiyokufa katika mijadala ya bangi: eti panya hujidunga kokeini na heroini bila kuhimizwa, lakini THC, kemikali ya bangi inayolevya, hawaitaki, kwa hiyo bangi haina uraibu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Mtie panya katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa shingo, mpe wenzo wa kubonyeza, naye kokeini ataizoea upesi. THC huwa anaiacha. Hitimisho ndilo lisilosimama, na sababu zake ni za kiufundi tupu.

THC ina tabia ya mafuta, haiyeyuki katika maji ya chumvi. Maabara nyingi huianzishia kwenye ethanoli, huongeza Tween 80, aina ya sabuni, kisha maji ya chumvi, kwa uwiano wa 1:1:18. Hata hapo hunata kwenye mirija ya plastiki, kwa hiyo anachopata panya ni pungufu ya kilichoandikwa daftarini. Ikishaingia mwilini hujificha kwenye mafuta na kutoka polepole, na mnyama hushindwa kuunganisha alichobonyeza na anachohisi. Juu ya hayo kuna dozi: kidogo hupendeza, ikizidi hutisha.

Suala la dozi lilionyeshwa vizuri na watafiti Valjent na Maldonado mwaka 2000. Walitumia sanduku lenye vyumba viwili, kimoja panya mdogo anapodungwa THC, kingine anapodungwa maji matupu, kisha unamwachia achague pa kukaa. Kwa kawaida alikikimbia chumba cha THC. Wao wakampa kwanza miligramu 1 kwa kilo kwenye kizimba chake, siku moja kabla ya mafunzo, ili ule mshtuko wa mara ya kwanza usichanganyike na chumba. Matokeo yakageuka, akaanza kukipenda chumba cha THC. Bila dozi hiyo ya kwanza, kwa miligramu 5 kwa kilo alikichukia. Mnyama yuleyule, dawa ileile. Mtu akinukuu nusu moja tu ya jaribio hilo, anaweza kuthibitisha chochote anachotaka.

Mwaka huohuo kundi la mtafiti Goldberg huko Baltimore, Marekani, lilipata kima wadogo wa Amerika Kusini waliojidunga THC kwa hiari. Siri ilikuwa myeyuko safi uliopita haraka na dozi ndogo, mikrogramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa kila sindano, kiasi kinachokaribia mvuto mmoja wa mvutaji. Wakosoaji walisema kima hao walishazoeshwa kokeini kwanza, na ilikuwa haki kusema hivyo. Mwaka 2003 jibu lilikuja kwa kima wasiowahi kuonja dawa yoyote: nao walijidunga. Panya wenyewe walisubiri hadi 2020, walipopewa mvuke badala ya sindano, wakawa wanachomeka pua kwenye tundu ili wapate mvuke wa dondoo lenye THC nyingi, mara nyingi zaidi kuliko walivyofanya kwa mvuke mtupu.

Kwa hiyo mnyama anaweza kutuambia kwamba THC inavuta. Kuhusu tiba, namwamini kwa tahadhari kubwa zaidi. Rimonabanti, inayofunga kipokezi cha CB1 (mlango wa ubongo ambao THC hupitia kufanya kazi yake), ilikomesha kujidunga kwa kima bila shida. Ilipopewa watu Ulaya kuanzia 2006 kama dawa ya unene, ilileta huzuni kali na mawazo ya kujiua, na ikaondolewa sokoni miaka miwili baadaye. Wenzo hauna namna ya kupima huzuni. Naltreksoni, dawa inayozuia kazi ya heroini na jamii yake, nayo ilipunguza kujidunga kwa kima, ilhali kwa wavutaji wa kila siku dozi moja yake ilizidisha raha ya bangi badala ya kuipunguza.

Pregnenoloni, ambayo mwili huitengeneza wenyewe, ilionyeshwa mwaka 2014 kwamba huzuia baadhi tu ya kazi za CB1 bila kukifunga chote. Hilo lilikuwa wazo la akili kuliko rimonabanti. Dawa iliyotokana nalo, AEF0117, ilipunguza uvutaji katika jaribio dogo la watu, kisha mwaka 2024 jaribio kubwa zaidi halikufikia lengo lake kuu.

Nadhani tunapima kitu kisicho sahihi. Anayetaka kuacha bangi haji kliniki kwa sababu raha imezidi. Kinachomrudisha ni arosto: kukosa usingizi, hasira, chakula kutopita, mambo yanayopamba moto ndani ya wiki ya kwanza. Kwa panya, arosto hii hutolewa kwa nguvu kwa kumdunga rimonabanti, kisha mtafiti anahesabu anavyojitikisa kama mbwa aliyelowa na kujisugua uso. Ni hesabu rahisi, ila haisemi lolote kuhusu usingizi wa usiku wa tatu.

Ndiyo maana jaribio la 2019 la PF-04457845 linanivutia kuliko mengine. Dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha FAAH kinachovunja anandamaidi, bangi ya mwili wenyewe kwa namna fulani. Miligramu 4 kwa siku kwa wiki nne zilipunguza arosto na uvutaji, na usingizi ukapimwa kwa vyombo, si kwa kuulizwa tu. Washiriki 70, wote wanaume, na hilo ni pengo. Tangu 2007 tunajua kwamba panya jike hujifunza kujidunga WIN 55,212-2, dawa inayofanana kazi na THC, haraka kuliko dume.