Listi ya wadaiwa imejiprinti Mwanjelwa

Wadau, kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi ya mshkaji wangu kwamba stesheneri yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, imeingia virusi (wengine mshasema majini, asanteni sana), na mimi niongee, maana ni jana tu na kichwa bado kinaniuma.

Mshkaji huyohuyo ndo alinichokoza nijifunze skripti, yaani unaandika maagizo kompyuta inayafuata yenyewe. Nikaanza na PowerShell, lugha ya skripti ya Windows, nikaandika, nikabofya mara mbili, ikafunguka Notepad. Nikalazimisha kwenye dirisha lake, maandishi mekundu kibao, kumbe Windows inakuja imezifungia hizo skripti mpaka uziruhusu mwenyewe. Nikasema isiwe tabu, narudi kwa mababu, faili la bachi, komandi zimepangwa mstari kwa mstari, mambo ya tangu MS-DOS ya 1981.

Nikaliita print.bat, hilo jina lishikeni. Mstari wa kwanza Notepad iprinti wadaiwa.txt, wa pili komandi ya print itoe bei za siku. Na hiyo wadaiwa.txt jamani niliiandika nije niisome mwenyewe tu.

Nikabofya. Karatasi ikatoka, nikafurahi, nikageuka kumhudumia mama wa maparachichi. Ikatoka ileile tena. Na tena. Printa yangu inatemea upande wa wateja (msiniulize, chumba kidogo), moja ikadondoka miguuni kwa mzee balozi wa nyumba kumi. Mzee akainama taratibu. Akaiokota. Akatoa miwani, akaifuta kwanza kwa shati, akavaa. Mi huku nabonyeza Ctrl na C kwa vidole vyote ili faili lisimame, kila nikibonyeza Notepad inachomoza inaninyang'anya kibodi. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya matangazo ya mtaa: "Balozi. Elfu nne mia tano. Ukimdai anajifanya anaongea na simu."

Simu yake ikaita kweli. Hakupokea.

"Mama Parachichi," akaendelea, "elfu mbili, maneno mengi kuliko hela." Mama mwenyewe kasimama hapo, chenji yake iko mkononi kwangu.

Nikafunga lile dirisha jeusi la komandi, karatasi zinakuja. Nikazima kompyuta nikaiwasha, zinakuja, kumbe zikishaingia foleni ya printa zinakaa kwenye diski zinakusubiri. Nikampigia mshkaji, akacheka mpaka akakohoa, ndo akanielekeza nifungue dirisha jeusi kama administreta, net stop spooler (kusimamisha foleni ya printa), nifute vilivyomo kwenye folda ya PRINTERS, halafu net start spooler kuiwasha tena. Na kwamba ukiandika print ndani ya print.bat, Windows inatafuta kwanza kwenye folda uliyopo, inalikuta faili lako lenyewe, linaanza upya kutoka juu. Milele. Sasa hivi linaitwa asubuhi.bat.

Balozi kalipa yote papo hapo, "ndaga fijo, kijana," (asante sana kwa Kinyakyusa), akaondoka bila kuniangalia. Mama kahamia stesheneri ya jirani na deni lake. Kuna bodaboda wa Kabwe ana nakala, nasikia anawasomea abiria. Dogo, geuza ukurasa wa pili, na wewe umo.