Mwacheni bibi achambue mchele

Huku Uingereza ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, kuna mtu analipwa mshahara wa kuwatafutia wazee la kufanya. Si nesi, si mpishi. Kazi yake ni kuhakikisha mwenye demensia, maradhi ya ubongo yanayomsahaulisha mtu, hashindi akikodolea macho ukuta. Ana kapu la soksi za kutafutiwa wenzake, maua ya kupanga, nyimbo za ujana wao, na taulo za kukunja. Wapo wanaokunja rundo zima, pindo kwa pindo, wakilipapasa kwa kiganja mpaka linyooke. Wakimaliza tunalibeba, tunalivuruga nyuma ya mlango, jioni tunawarudishia.

Uholanzi wamekwenda mbali zaidi. Mjini Weesp kuna kijiji kizima cha wenye demensia, De Hogeweyk, kilichofunguliwa 2009. Kina duka, mgahawa, ukumbi wa maonyesho na vichochoro vya kutembea. Mamilioni ya yuro yamejenga kitu ambacho Pangani kipo tangu enzi za mababu.

Ningecheka, ila kijiji hicho tunacho na wazee wetu tumewatoa ndani yake. Nyumbani mtu akianza kuuliza swali lile lile mara kumi, la kwanza ni kumnyang'anya kazi. "Pumzika mama, umehangaika maisha yako yote." Eti heshima! Anawekwa mbele ya televisheni, mlango wa ua unatiwa kufuli asipotee, dada wa kazi anaambiwa amtupie jicho. Ikifika saa kumi na moja jioni anataka kwenda kwao, na watu wanambishia: "Kwenu ndio hapa!" Ugomvi unaanza. Kesho yake anatajwa jirani mwenye kijicho, na mganga anatafutwa. Ni ugonjwa wa ubongo, jamani. Mara nyingi unaanza kwa kula mambo ya jana na juzi. Yale ambayo mikono imeyazoea tangu usichana huchelewa kuondoka.

Mama yangu mkubwa hakumbuki kama amekunywa chai, na mimi ananiita kwa jina la kaka yake. Mpe ukindu sasa. Vidole vinasuka ukili wala havitazami, na mdomo unaotafuta maneno siku nzima unaanza kuimba. Ukili ukienda kombo, nani amekufa?

Lakini mchele ndio ninaoupigia debe, kwa sababu ni kazi ya kweli: unapikwa mchana huo huo, hakuna wa kwenda kuuvuruga nyuma ya mlango. Mpe kidogo kwenye ungo, kaa naye, mwambie jambo moja kwa wakati. Akirudisha mawe kwenye mchele, nyamaza. Utauchambua tena jikoni asipoona. Akichoka, msimlazimishe. Visu, jiko la mkaa na kisima ndivyo vya kuwekwa mbali naye, si ungo.

Na sisi tulio nje ndio tunaoharibu zaidi. Tunatuma hela aajiriwe dada ili mama "asiguse kitu", halafu kwenye simu tunajisifu kwamba mama anapumzika. Tutume hela hizo hizo, ila dada aambiwe kwamba kazi yake ya kwanza ni kukaa mkekani na mama wachambue pamoja, hata kama wali utaiva saa tisa.