Chenso ya Laki Tatu na Choo cha Ukweni

Kwanza niweke rekodi sawa: mashine, yaani chenso yangu, msumeno wa injini wa kukatia miti, iliwaka. Kuna watu ukweni kwangu wanasambaza habari kwamba haikuwaka. Iliwaka. Kilichotokea ni kwamba baadaye ilikataa kuzimika, lakini huko tutafika.

Mimi ni mwalimu, naishi Iringa mjini. Ukweni ni upande wa Mafinga, kule ambako mtoto anajua kutofautisha mbao ya msonobari na ya mlingoti, yaani mkaratusi, kabla hajajua kuandika jina lake. Kwenda kule kujionyesha na chenso ni sawa na kwenda kuwafundisha watu wa Mwanza kula samaki. Lakini shemeji yangu alikuwa anaoa, kuni za shughuli zilitakiwa, na pembeni ya choo cha nje palisimama mlingoti mmoja ambao baba mkwe alikuwa akiulalamikia kila masika. Nikajikuta nimeshasema, "Baba, huo niachie mimi."

Stihl halisi, chenso ya Wajerumani, ya kazi za msituni ni zaidi ya milioni, na mimi na milioni huwa tunaonana kwa mbali tu. Nikashuka Kariakoo. Kijana akanitolea chenso ya rangi ya machungwa na nyeupe, jina lake likifanana na la Wajerumani kama mtu anavyofanana na ndugu yake wa mama mwingine. Kwenye boksi imeandikwa sisi 58, yaani ukubwa wa injini. Laki tatu.

"Hii ni orijino?" nikauliza.

Hakupepesa hata jicho. "Braza, hii ni orijino ya China."

Nikalipa. Jibu lenyewe lilikuwa na heshima.

Siku ya kazi, Ijumaa, nilichanganya petroli mwenyewe kama karatasi ilivyosema: 25 kwa 1, yaani lita moja kwa mililita 40 za oili. Nilipima kwa kile kikombe cha dawa ya kikohozi cha mwanangu. Kwa upande wa mafuta sina dhambi. Oili ya cheni niliweka chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye gari, maana ndiyo kila mtu anaweka.

Nikaanza kuvuta kamba. Shemeji mdogo akaanza kuhesabu kwa sauti, na watoto wakamwitikia. Kwenye 19 nilivua koti, na huo ni mwezi wa sita Mafinga, ukungu umelala mpaka kwenye paa. Kwenye 31 ikakohoa, ikatema moshi, ikawaka. Mama mkwe akapiga kigelegele. Hapo ndipo ningesimama, niizime, nirudi mjini na sifa zangu.

Nilikata mdomo, ule mkato wa kuuelekeza mti, upande wa shamba la viazi, ambako mti ulitakiwa ulale, kisha nikahamia nyuma. Dakika za kwanza ilikula mti vizuri, siwezi kuisingizia. Unga wake ulitoka vipande vipande kama nazi iliyokunwa. Kisha vikawa vidogo. Kisha ikawa sembe kabisa, laini, inaingia puani. Mtu wa Mafinga akiona sembe anajua cheni imekufa makali. Mimi niliongeza resi.

Nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahaulika kwenye shati. Upanga wa chenso, lile bapa refu linalozungukwa na cheni, ulikuwa umegeuka rangi ya bluu, bluu nzuri tu, ukingoni. Tangi la oili ya cheni nililijaza asubuhi, na lilikuwa bado limejaa vilevile. Haikuwa imetoka hata tone.

Wakati naikodolea macho hiyo bluu, upepo ukaja. Mti ukarudi nyuma kidogo, kama mzee anayejiegemeza kwenye kiti, ukaubana upanga. Wakataji wa kweli hugonga kabari kwenye mkato wa nyuma mapema ili mti usirudi. Mimi kabari nilikuwa naijua kwenye somo la mashine rahisi, darasani.

Chenso ikaning'inia pale mtini, inawaka. Nikashusha swichi. Ikaendelea. Nikapandisha, nikashusha tena. Ikaendelea, na sasa mlio ukaanza kupanda wenyewe bila mtu kugusa resi. Boliti ya eksozi ikachomoka, eksozi ikalegea, na ile sauti ikawa ya fuso linalopanda mlima Kitonga. Kuku wakahama. Kuvuta choki tu kungeizima kwa kuijaza petroli, ila wakati huo hata jina la mke wangu ningeulizwa ningeomba muda.

Baba mkwe alitoka ndani taratibu, akasimama kwa mbali, mikono nyuma.

"Mkwe," akasema, "zima basi. Tumeshasikia."

Kabla sijajibu ikatoa mlio mfupi, kwii, ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania kwenye silinda.

Sasa tukabaki na mti. Mita kama ishirini, umekatwa zaidi ya nusu, una chenso mgongoni, na umeinamia choo. Baba mkwe aliangalia mti, akaangalia choo, akaniangalia mimi. Kisha akatangaza kwa upole sana, "Kuanzia sasa hakuna anayeingia humo."

Saa kumi na mbili jioni Coaster ya wageni ikafika kutoka Njombe. Watu ishirini na tisa. Walikuwa wamekula njiani, Makambako, na wengi wao swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa choo kiko wapi. Kilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya bonde. Tuliufunga mti kamba, tukaikaza kwenye msonobari ulio upande wa viazi; kazi ya kamba hiyo ilikuwa kutufariji tu. Usiku kucha nilisikia kandambili zikipita dirishani kuelekea bondeni, na tochi, na watu wakitetemeka. Shangazi mmoja alisimama makusudi dirishani kwangu, kajifunga blanketi. "Kamwene, fundi," akanisalimia, akaendelea na safari.

Na kila mgeni aliyenisogelea alitambulishwa hivi: "Huyu ndiye mkwe mwenye mashine."

Asubuhi mzee jirani, yule mwenye choo, akatoka msituni na chenso yake. Stihl 070, sisi 106, rangi imepauka, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Inanizidi umri, nadhani. Hakuiwasha kwanza. Alichonga kabari mbili za mti, akazigonga nyuma, tok, tok, mti ukanyanyuka kidogo, akachomoa chenso yangu kwa mkono mmoja.

"Hii ni ya mtoto?" akauliza. Hakuwa ananikejeli, alikuwa anataka kujua.

Kisha ya kwake: mvuto wa kwanza ikakohoa, wa pili ikawaka. Mlingoti ukalala kwenye viazi, pale pale alipokuwa ameweka kofia yake kuonyesha.

Jumatatu niliipeleka kwa fundi mjini Mafinga. Alipoifungua alifurahi kama anayesoma barua ya rafiki. Gia ya pampu ya oili ilikuwa ya plastiki, na imeyeyuka. Mpira unaoshika kabureta ulikuwa umelegea, ukavuta hewa ya pembeni, mchanganyiko wa petroli na hewa ukawa mkavu. Ndiyo maana mlio ulipanda na pistoni ikakwaruzika. Waya wa swichi haukuwa umechomekwa tangu kiwandani. Akachukua kalipa, akapima pistoni: milimita 45 na kitu. Akapiga hesabu kwenye boksi la plagi.

"Mwalimu, hii ni 52. Ile 58 ni ya kwenye boksi."

"Kwa hiyo nimeibiwa?"

"Hapana. Umenunua spea, zikaja zimeunganishwa. Ulitakiwa uzifungue zote, uziunganishe upya, ndiyo uwe na chenso." Akanieleza kwamba vijana wanaokatia riziki kwa hizi za bei chee hununua mbili: moja iko msituni, nyingine iko kwake yeye fundi. Halafu wakipata hela wanatafuta 070 kuukuu.

Laki na ishirini ya matengenezo. Mwaka wa pili huu inakata kuni na matawi bila shida. Kabla ya kuiwasha nakaza kila boliti; ikishawaka naielekeza ncha kwenye kisiki cheupe, navuta resi, naangalia kama inatema mstari wa oili. Mti mnene siugusi.

Ukweni bado naenda nayo. Nikiishusha tu kwenye gari, mama mkwe anaacha anachofanya, anachukua kopo la maji, anawahi chooni kwanza.