Mchango wa mtaa: nani alipe, na asiyelipa afanywe nini?

Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi, na kila mwisho wa mwezi ninapopita na daftari la michango ya ulinzi mtaani kwetu, upande wa Uyole jijini Mbeya, swali huwa linanisubiri mlangoni kabla sijamaliza salamu. Mwezi uliopita aliniuliza dada mmoja aliyepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita: "Katibu, mimi nina godoro, jiko la gesi na begi la nguo. Mlinzi ananilindia nini hasa? Kwa nini nitoe elfu tano sawa na mwenye nyumba ya geti na magari mawili?"

Nilimwomba anipe siku mbili, kwa sababu swali lake si la ubishi. Ndani yake yamo karibu maswali yote ambayo wakazi wananiletea: nani ana haki ya kututungia kanuni, kanuni hizo zina nguvu gani, na vitu tunavyotumia pamoja ni vya nani.

Kwanza tutenganishe vyombo viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Serikali ya mtaa ni chombo cha kisheria: mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi, mara ya mwisho ikiwa Novemba 27, 2024, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Umoja wa wakazi ni makubaliano ya majirani tu, hata kama una katiba, muhuri na akaunti benki. Na hata serikali ya mtaa yenyewe haitungi sheria. Hapa ndipo wengi wetu tuliotoka Rungwe, Mbozi au Ileje tunapojikwaa, maana kijijini tulizoea jambo tofauti. Chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikapelekwa wilayani na kuidhinishwa, na ukiivunja unatozwa faini halali. Mjini, chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo, anayetunga sheria ndogo ni Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo ada ya taka, ikiwa imo kwenye sheria ndogo za Jiji, unaweza kushtakiwa kwa kutoilipa. Elfu tano ya mlinzi tuliyokubaliana chini ya mparachichi haina nguvu hiyo.

Anayekataa kulipa ana msingi imara kuliko viongozi wengi wa mitaa wanavyopenda kukiri. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mchango unaodaiwa kwa vitisho unaanza kufanana na kodi isiyo na sheria nyuma yake. Kuna pia sababu ya kibinadamu: watu wamechangishwa mno. Leo ni madawati, kesho ni kalvati, keshokutwa ni tenki, na mara nyingi mapato na matumizi hayasomwi hadharani. Mtu aliyewahi kutoa hela ya kalvati ambalo halikujengwa hatakiwi kuitwa mkorofi anapoomba kuona risiti.

Lakini hesabu ya upande wa pili nayo inauma. Chukua mtaa wenye kaya 80, kila moja ikitoa 5,000. Zinapatikana 400,000. Walinzi wawili wakilipwa 170,000 kila mmoja ni 340,000, zinabaki 60,000 za betri, tochi na makoti ya mvua. Sasa kaya 25 zikigoma, zinapatikana 275,000, pungufu ya 65,000 hata kabla ya kununua betri moja. Kaya 55 zinazolipa zikitaka kufidia, kila moja itoe zaidi ya 6,000. Zitakubali mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tano zitauliza kwa nini zimlipie jirani, nazo zitaacha. Na usiku ule mlinzi anapopiga filimbi, mwizi anakimbia nyumba zote, ya aliyelipa na ya asiyelipa. Huwezi kumlinda mmoja ukamruka wa katikati.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Sisi tukibishana, anayelipia ubishi huo ni mlinzi. Julai iliyopita nilitoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi. Majani ya kando ya njia yalikuwa meupe kwa sakitu. Mlinzi wetu, mzee wa makamo, alikuwa amechutama karibu na jiko la mkaa lililobaki majivu, koti la mtumba limefungwa kwa kamba kiunoni kwa sababu vifungo vimekatika. Aliniambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga, katibu," kisha akaniuliza kwa upole kama ile nusu ya mshahara wa Mei imepatikana. Ilikuwa Julai. Tulikuwa tumetumia mikutano miwili kujadili haki za mpangaji, na hakuna aliyeuliza habari za Mei.

Baada ya siku mbili nilirudi kwa yule dada na maoni yangu, na ndiyo ninayoyatetea kwenye umoja. Gharama za pamoja ni za aina mbili. Zipo zinazoliwa na kwisha: usiku mmoja wa ulinzi, umeme wa pampu, mafuta ya kufyekea. Hizo alipe anayeishi hapo sasa, awe mpangaji au mwenye nyumba. Zipo zinazobaki: geti, tenki, kalvati, nguzo za taa. Hizo zinapandisha thamani ya kiwanja, na mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hatakuwapo kufaidi thamani hiyo. Alipe mwenye nyumba. Tena mchango wa ulinzi usihesabiwe sawa kwa chumba kimoja na nyumba nzima. Mwenye nyumba ya wapangaji sita akusanye mwenyewe kwa kiwango cha chumba, na amweleze mpangaji kabla hajachukua funguo. Wenye nyumba wananijibu kwamba hilo litawafukuzia wateja. Sikubaliani nao. Kinachomfukuza mpangaji ni gharama anayokutana nayo mlangoni wiki ya pili, huku hakuambiwa siku ya kwanza.

Swali zito zaidi ni la maji. Wapo wajumbe wenzangu wanaosema: asiyelipa ulinzi afungiwe bomba, maana bila kubanwa halipi mtu. Naelewa uchungu wao, ila hapa nasimama upande wa asiyelipa bila kusitasita. Kama bomba ni la mamlaka ya maji, mkataba ni kati ya mamlaka na mteja wake, na sisi hatuna mamlaka ya kugusa koki. Kama kisima ni chetu wenyewe, tuna haki ya kuuza maji kwa ndoo ili pampu iendelee kufanya kazi, na asiyelipa maji asichote maji. Hilo ni halali na linaeleweka. Vijijini, vyombo vya watumia maji vilivyo chini ya Sheria Na. 5 ya 2019, vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, vinaendeshwa kwa wazo hilohilo la kila mtumiaji kuchangia maji anayoyatumia. Kosa ni kumnyima mtu maji kwa deni la jambo lingine. Anayebeba ndoo tupu kurudi nyumbani kwa kawaida si yule baba anayedaiwa. Ni mtoto wa darasa la nne aliyetumwa kabla ya kwenda shule. Mifuko itenganishwe, daftari la maji lake na la ulinzi lake.

Vivyo hivyo orodha ya wadaiwa iliyobandikwa ukutani kwa duka. Inaleta hela haraka, sikatai, nimeiona ikifanya kazi. Ila nimeiona pia ikimtaja mama aliyekuwa anauguza hospitalini Meta, na majirani wakasoma jina lake kwa wiki mbili kabla hatujajua. Ningependa tubandike mapato na matumizi badala ya majina: tumekusanya kiasi hiki, mlinzi amelipwa kiasi hiki, pungufu ni kiasi hiki. Asiyelipa atajua mwenyewe kwamba pungufu ile ni pamoja na yake, na mwenye shaka ya risiti atakuwa amejibiwa.

Kuhusu geti la barabara kufungwa saa nne usiku, jibu ni fupi kuliko watu wanavyotaka. Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na kuweka kizuizi bila kibali ni kosa hata kama mtaa mzima umepiga kura. Wanaolitaka wana sababu, bodaboda za wezi hupita humo. Wanaolikataa wana mama mjamzito anayeweza kushikwa na uchungu saa nane. Kibali kikipatikana, kufuli lisiwepo usiku ambao mlinzi mwenye ufunguo hayupo.

Uwanja wa wazi nao hauhitaji maneno mengi. Harusi na vikao walipie usafi na waondoke saa iliyopangwa. Msiba usilipie kitu, na ukitokea siku ya harusi, bwana harusi asogee. Kwetu huku msiba hukaa siku kadhaa, na turubai haliwezi kuondolewa eti kwa sababu mtu alishaweka nafasi. Wanaolalamika kwamba hilo ni upendeleo nawauliza wao walipofiwa walikaa wapi.

Swali la mwisho aliniuliza mzee mmoja anayeuza nyumba arudi Tukuyu: je, ile laki moja na nusu aliyotoa kwenye tenki atarudishiwa? Katiba ya umoja wetu haikusema lolote, na hilo ni kosa letu sisi viongozi. Wengine wanaona alichangia hiari, basi imekwisha. Wengine wanaona anayenunua nyumba anapata maji ya bure. Mimi naona tenki haliwezi kukatwa vipande, kwa hiyo umoja usirudishe, ila mzee apewe barua yenye muhuri inayotaja kiasi alichotoa, aiweke mezani wakati wa kupatana bei na mnunuzi. Barua hiyo nimeshaiandika. Inasubiri sahihi ya mwenyekiti, pamoja na vocha ya nusu mshahara wa Mei.