Kuifuta kausha damu peke yake hakumwokoi mama lishe

Maisha yakikaza, kama mwaka 2022 lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000, mama lishe wa Tandika au Manzese, Dar es Salaam, hubanwa huku na huku. Mchele na mafuta ya kupikia vinapanda, na mteja hana cha kuongeza kwenye sahani. Mtaji unaliwa. Hapo ndipo anapokimbilia kausha damu, mikopo ya haraka ya rejesho la kila siku ambayo wengi wanataka ipigwe marufuku kabisa.

Hesabu inawaunga mkono. Tuseme umekopa 100,000, rejesho ni 5,000 kila siku kwa siku 26: jumla 130,000. Ukikatwa 10,000 ya fomu mapema, mkononi unapata 90,000, kwa hiyo ziada ni 40,000. Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 3,500 kwa laki. Ila kinachommaliza mama haraka zaidi ni ratiba. Rejesho huanza kesho yake, kabla mzigo haujazunguka. Mvua ikinyesha siku mbili, wateja hawaji. Anakopa kwingine amlipe wa kwanza. Mwishowe godoro na friji vinabebwa bila amri ya mahakama, na huo ni uonevu mtupu.

Hata hivyo, wanaoitetea wana hoja nzito: pesa hutoka siku hiyohiyo, bila hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mwanamume, lakini nyumba ikiandikwa jina la mume, hana cha kuipa benki kama dhamana. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, hauna riba. Lakini unadai kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti na andiko la mradi, na ulisitishwa 2023 ukarudi 2024. Mtoto akiugua usiku, andiko halimtibu.

Ukifunga mlango huu bila kufungua mwingine, ukopeshaji utahamia uchochoroni. Nionavyo, kwanza zibanwe ada za mapema na rejesho la kila siku: rejesho liwe la wiki, lianze wiki ya pili. Kwa sasa, kabla ya kusaini, dai leseni, jumla ya marejesho kwa maandishi na nakala ya mkataba. Usisaini karatasi tupu, wala usiache kadi ya benki na namba ya siri.