Linnaeus aonewe huruma kidogo

Mwandishi wa makala yenu anamcheka Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga viumbe katika makundi, eti kwa sababu vinasaba vimeonyesha kozi ana undugu wa karibu zaidi na kasuku kuliko na tai. Jamani, tumtendee haki mzee wa watu. Mwaka 1758, huko Sweden, ndege wengi aliowaainisha hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Alitazama zaidi midomo na miguu, akawagawa ndege wote aliowajua katika oda (makundi makubwa) sita tu. Tai, kozi na bundi akawaweka pamoja. Mbuni akaangukia kwa korongo, kasuku kwa kunguru (hili la kasuku hata mimi limenishinda).

Lakini mtazameni kozi mdomoni. Ukingo wa taya la juu una kijino cha kuvunjia shingo ya windo, wakati tai huua kwa kucha. Mbwigu, yule mdogo anayetundika panzi kwenye miiba, naye anacho, na Linnaeus akamtia humo humo kwa ndege wawindaji. Leo mbwigu yuko oda moja na shomoro. Jicho la mzee liliona sawasawa, ila kijino kinaweza kuota kwenye koo mbili za ndege tofauti kabisa.

Halafu habari yenyewe ya kozi na kasuku si ya jana. Utafiti wa vinasaba vya ndege wa Hackett na wenzake ulitoka 2008, nao ulimweka heroe karibu na kibisi. Yule mwenye miguu mirefu na yule mpiga mbizi mwenye vijiguu vya nyuma kabisa! Hilo mbona mmeliruka?